Jumanne Iliyobaki Kwenye Droo

Kijiwe chetu kiko nje ya karakana ya Fundi Risasi, mchapaji, kwenye benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja si mguu, ni tofali. Upande mmoja kuna banda langu la kushona viatu, upande wa pili Breki anatengeneza baiskeli, na katikati yetu Shangazi anaweka birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa tangu asubuhi mpaka litakapoisha. Vikombe vyake vinakaa kwenye beseni, isipokuwa kimoja cha bati, cha buluu, kinachoning'inia kwenye msumari ukutani na ambacho hakuna anayekinywea. Mimi wananiita Gundi. Wanasema si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu nikikaa sibanduki. Breki anaitwa hivyo kwa kuwa hana. Mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ni mwalimu mstaafu, na jina lake la kijiweni ni Sifuri Mbili. Mtajua kwa nini, maana haipiti wiki bila mtu kumkumbusha. Alasiri kazi zikipungua tunakaa tunabishana, na kusema kweli sijaona chuo cha kutushinda kwa mabishano.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mwishoni mwa mwaka, kalenda za mwaka ujao zikikaribia kuchapwa. Fundi Risasi alitoka ndani amebeba sinia la chuma kwa mikono miwili, akaliweka juu ya benchi polepole kama mtu anayelaza mtoto. Hajawahi kufanya hivyo. Kazi ya ndani hubaki ndani, na sisi wa nje hatuigusi. Juu ya sinia kulikuwa na ukurasa wa kalenda, lakini si wa karatasi. Ulikuwa wa risasi, yale madini laini ya wachapaji: herufi na tarakimu moja moja zimepangwa kwa mkono, zimezungushiwa uzi zisimwagike, zote zimegeuka kinyume kama maandishi kwenye kioo.

Fundi Risasi: Nataka ushauri wenu.

Breki: Wetu sisi? Shangazi, mpe kahawa nzito huyu, anaumwa.

Fundi Risasi: Kesho naanza kuchapa mwaka elfu mbili ishirini na nane. Leo nimefungua ile droo.

Breki akafunga mdomo. Nawaambia kitu ambacho hakionekani mara nyingi.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila kuijua droo hiyo hamtaelewa kilichomnyamazisha. Watu wengine wanadhani miaka haina mwisho na kila mmoja ni mpya. Ndani ya karakana ya Fundi kuna kabati moja la mbao, refu mpaka dari, lina droo kumi na nne, na miaka yote imo humo. Yote. Mwaka unaweza kuanza Jumatatu, Jumanne, Jumatano, hivyo hivyo mpaka Jumapili. Hizo ni njia saba. Na kila njia ina mwaka mfupi na mwaka mrefu, ule wenye Februari ya siku ishirini na tisa. Saba za kushoto ni mifupi, saba za kulia ni mirefu, na hakuna mwaka wa kumi na tano uliowahi kuzaliwa wala utakaozaliwa. Mwaka ukikaribia, Fundi anauliza maswali mawili tu: unaanza siku gani, na ni mfupi au mrefu. Anafungua droo yake, anatoa kurasa kumi na mbili za risasi zilizopangwa zamani, anabadilisha namba ya mwaka juu, anachapa. Sikukuu haweki. Anasema siku ni siku, furaha kila mtu ataitia mwenyewe. Mimi nimeishi jirani ya kabati hilo nusu ya umri wangu, na hadi leo nikipita mbele yake natembea kwa adabu.

Kurasa zote hizo alipanga yeye na mkewe, Mama Nukta. Walimwita hivyo kwa sababu hakukubali nukta hata moja ipotee. Alikuwa anaweza kusimamisha mashine nzima kwa ajili ya kidoa. Droo zenyewe hazikujaa kwa siku moja. Kila mwaka wa aina mpya ulipofika walikaa wakaupanga, na droo ya mwisho waliijaza karibu na mwisho wa maisha yake. Siku hiyo alitoka nje mikono myeusi, akachukua kikombe chake cha buluu, akatuambia, "Sasa tumemaliza. Miaka iliyobaki ya dunia iko ndani, mkitaka mwaka njooni muombe." Tulicheka, lakini alikuwa hasemi mzaha. Alifariki mwaka uliofuata.

Breki: Ile droo, ndiyo ile ya Jumanne?

Fundi Risasi: Ndiyo hiyo. Mwaka mrefu unaoanza Jumamosi. Mara ya mwisho ilifunguliwa elfu mbili kamili.

Mimi: Miaka yote hiyo imefungwa?

Fundi Risasi: Mifupi inarudi upesi, mingine baada ya miaka sita, mingine kumi na mmoja. Ya mwaka huu tulikuwa nayo juzi tu. Mirefu ina maringo. Inakaa miaka ishirini na minane ndipo irudi.

Sifuri Mbili akatazama viatu vyake. Navifahamu viatu hivyo, nimevipiga soli mara tatu, havina cha kutazamwa.

Maana kosa lilikuwa lake. Wakati ule, kalenda za mwaka elfu mbili zikipangwa, mwalimu huyu alipita karakanani akiwa bado kijana mwenye chaki mfukoni, akamkuta Mama Nukta anapanga Februari. Akamwambia kwa sauti ya darasani kwamba mwaka unaoishia na sifuri mbili hauwi mrefu, hata ukigawanyika kwa nne. Mama Nukta aliheshimu walimu. Akaifunga Februari kwenye ishirini na nane. Machi mpaka Desemba alipanga mumewe, ambaye hakuwepo mwalimu alipopita, na yeye aliuhesabu mwaka kuwa mrefu, kama kawaida yake. Hakuna aliyekagua kazi ya mwenzake, kwa sababu tangu waoane hakuna aliyewahi kukuta kosa kwenye kazi ya mwenzake. Kalenda zikatoka, zikauzwa, zikatundikwa. Na ukiifungua ulikuta hivi: Jumatatu tarehe ishirini na nane Februari, Jumatano tarehe mosi Machi, na katikati yake Jumanne ambayo haina namba. Pameachwa peupe.

Jumanne hiyo ilipofika, watu walikuja kulalamika. Mimi nilikuja. Breki alikuja, amekimbia na spana mkononi. Shangazi alikuja na birika lake kwa sababu alikuwa anapita akaona watu. Mwalimu naye alikuja. Mama Nukta hakujificha. Alitoa benchi nje, akakalisha kila mtu, akasema, "Kosa ni langu. Leo haipo kwenye kalenda, kwa hiyo hakuna mnakochelewa. Kaeni." Tukakaa, Shangazi akamimina, tukalalamika mpaka jua likazama. Kesho yake tukarudi tena, bila lalamiko lolote. Ndivyo kijiwe hiki kilivyoanza, na benchi halijarudi ndani mpaka leo.

Breki: Mwalimu, hebu irudie ile kanuni. Watu wasije wakadhani tunakuonea.

Sifuri Mbili: Mnanionea kila siku.

Breki: Irudie, bwana.

Sifuri Mbili: Unaogawanyika kwa nne ni mrefu. Unaoishia na sifuri mbili ni mfupi. Ila ukigawanyika kwa mia nne, unarudi kuwa mrefu.

Shangazi: Hilo la tatu ndilo hukulisema.

Sifuri Mbili: Hilo la tatu nilikuwa sijalifikia. Kitabu kilikuwa cha kuazima, na ukurasa uliofuata mtu alikuwa ameufungia karanga.

Breki: Kwa hiyo karanga ndizo zilizokula Jumanne yetu.

Fundi Risasi hakucheka. Alikuwa amekwisha kubadilisha namba ya mwaka juu ya ukurasa, ambayo hukaa nje ya uzi. Alifungua kiganja chake na ndani kulikuwa na sifuri mbili za risasi, zimeng'olewa, mahali pake pamekaa mbili na nane. Akampa mwalimu.

Fundi Risasi: Chukua. Miaka yote hiyo zimekusumbua.

Mwalimu akazipokea kwa mikono miwili na kuzitia mfukoni mwa koti.

Mimi: Sasa ushauri unaotaka ni upi, Fundi? Elfu mbili ishirini na nane ni mrefu. Hata mimi naweza kuugawanya kwa nne. Tia ishirini na tisa, chapa, tumalize.

Fundi Risasi: Namba yenyewe ninayo.

Akagusa mfuko wa shati. Akaendelea polepole, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Fundi Risasi: Siku ile baada ya ninyi kuondoka nilitaka kuitia hapo hapo. Mama Nukta akanikataza. Alisema, "Ukiitia leo utakuwa unaficha. Iache kama nilivyoiacha, irudishe kwenye droo. Zamu yake ikirudi tutaitia pamoja." Nikahesabu, nikamwambia ni miaka ishirini na minane. Akasema, "Kwani unakwenda wapi?"

Shangazi aliinama akachochea mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Fundi Risasi: Tangu asubuhi nimesimama mbele ya ukurasa huu. Nikiutazama naiona mikono yake. Uzi huu alifunga yeye, hili fundo ni lake, mimi nafunga kwa kushoto. Nikiufungua peke yangu nitakuwa nimevunja neno lake. Nisipoufungua, nachapa uongo. Ndiyo maana nimewaletea.

Sasa kijiwe kimepewa kazi, na kijiwe kikipewa kazi hakilali. Kila mtu alivuta benchi mbele kidogo, kitu ambacho ni kigumu, kwa kuwa wote tulikuwa tumelikalia.

Breki: Mimi naliona jambo hili kama mnyororo wa baiskeli. Dunia inazunguka, sawa? Mnyororo wake ni mfupi kidogo kuliko gia. Kila miaka minne unakaza, lazima uongeze pingili moja. Hiyo pingili ndiyo ishirini na tisa. Sasa Mama Nukta hakuitia pingili, na dunia haikukatika. Ina maana gani? Ina maana haikuwa lazima.

Sifuri Mbili: Dunia haikumsubiri Mama Nukta, Breki. Kalenda nyingine zote ziliitia.

Breki: Hizo nyingine ziliongeza. Yetu ikapunguza. Zikakutana katikati, dunia ikaenda sawa. Bila sisi ingekuwa imelegea.

Shangazi: Mimi nina langu, na nimelifikiria miaka. Wote tulioishi na kalenda ile, kuna siku moja hatukuitumia. Siku iko pale pale, mpya, haijaguswa. Kila mmoja wetu ana siku yake ya akiba.

Mimi: Siku ile tuliitumia, Shangazi. Tulikuwa hapa. Ulitumiminia.

Shangazi: Tulikaa. Kukaa si kutumia. Kuna mtu alifanya kazi? Kuna mtu alizeeka? Mimi siku hiyo sikuzeeka, najijua.

Breki: Basi Fundi akiitia ile namba, akiba yetu inatoka.

Shangazi: Inatoka yote kwa mkupuo. Na mimi yangu nilikuwa naiweka kwa ajili ya uzee.

Breki: Subirini, kuna zaidi. Mwaka huu ujao na ule wa elfu mbili ni pacha, si ndivyo? Tarehe zile zile, siku zile zile. Basi kilichopotea kwenye Jumanne ile kitarudi kwenye Jumanne hii. Mimi siku ile niliacha pampu yangu hapa kwenye benchi, nikarudi sikuikuta. Itakuwepo. Nitaamka mapema.

Mimi: Pampu yako aliichukua kinyozi, tulikuambia.

Breki: Ataileta. Hatajua kwa nini, lakini miguu yake yenyewe itamleta.

Sifuri Mbili: Mnachanganya mambo. Mwaka haurudi. Kinachorudi ni ukurasa. Mwaka una sura kumi na nne tu za kuvaa, kama mtu mwenye mashati kumi na manne. Ukiona shati la zamani haina maana aliyelivaa ni yule yule wa zamani. Ndiyo maana tunaupa namba, ili tusiufananishe na mwingine. Bila namba, mwaka elfu mbili na mwaka elfu mbili ishirini na nane huwezi kuitofautisha hata ukiitazama mpaka macho yaingie maji.

Hapo nilimpenda mwalimu. Ana upungufu wake, karanga zikiwemo, lakini akizungumza hivyo unaona kwa nini wanafunzi wake wa zamani bado wanavuka barabara kuja kumshika mkono.

Sifuri Mbili: Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Nafasi iachwe kama ilivyo, na chini yake tuandike maelezo kwa herufi ndogo: tarehe ishirini na tisa ipo, lakini haionekani kwa sababu za kihistoria.

Breki: Maelezo yatakuwa marefu kuliko mwezi.

Sifuri Mbili: Na tuweke jina langu. Kosa nilianzisha mimi, aibu nibebe mimi.

Fundi Risasi: Mwalimu, mimi sikukulaumu wala sikulaumu leo. Asingekusikiliza wewe, tusingekuwa na benchi.

Nilidhani Fundi amekwisha kupata jibu, lakini alirudisha macho kwenye sinia, kidole gumba kikipitapita juu ya fundo la uzi bila kulifungua. Mzee huyu ana mikono ambayo nimeiona ikiokota herufi ndogo kama mbegu ya ufuta bila kutazama. Leo uzi mmoja ulikuwa unaishinda, na mimi roho iliniuma.

Mimi: Droo hii ikifungwa tena, itafunguliwa lini?

Fundi Risasi: Hamsini na sita. Elfu mbili hamsini na sita.

Hakuna aliyefanya hesabu ya umri wake kwa sauti, lakini nadhani kila mtu aliifanya kimyakimya. Breki alikuwa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, akafika mahali akaacha.

Ndipo tukasikia fimbo ikigonga tofali la benchi. Mwanamke wa makamo, amevaa sare ya hospitali, fimbo nyeupe mkononi. Haoni. Aliligusa tofali, akagusa ubao, akatambua pana watu.

Mwanamke: Shikamooni. Nimeambiwa hapa ndipo kwa mchapaji wa kalenda.

Tukamwitikia kwa pamoja. Shangazi akamsogezea nafasi na kumtilia kikombe mkononi.

Fundi Risasi: Ndiyo mimi, mwanangu. Karibu.

Mwanamke: Mimi napokea simu hospitalini. Watu wanapiga wanauliza daktari wao yupo lini, nami nawajibu. Mwenzangu amenieleza kwamba kalenda za hapa zinasomeka kwa vidole, kwamba namba zenu zinauma karatasi. Ni kweli?

Ni kweli. Mashine ya Fundi inakandamiza. Anatumia kadi nene na tarakimu kubwa kama ukucha wa dole gumba, na kila namba inaacha shimo lake. Zile kalenda za kung'aa za madukani ukizipapasa ni kioo kitupu. Hili sisi wenye macho tulikuwa hatujawahi kuliwaza, na nilijiona mjinga kidogo, nami ndiye niliye jirani.

Fundi aliingia ndani, akatoka na kadi ya majaribio aliyoichapa asubuhi. Februari. Alisita, kisha akampa. Yule mama akaweka kikombe chini, akaiweka kadi magotini na kuanza kushuka kwa vidole viwili, midomo ikisogea. Alipata jina la mwezi. Alipata namba ya mwaka, akatabasamu. Akapita mstari wa kwanza, wa pili, taratibu, hakuruka hata nukta. Mama Nukta angempenda sana.

Mwanamke: Ishirini na saba. Ishirini na nane.

Vidole vikasogea kulia. Vikasimama. Vikarudi, vikasogea tena.

Mwanamke: Na hapa kuna nini?

Tulikuwa pale na pingili ya mnyororo, siku ya akiba, pampu ya Breki na mashati kumi na manne. Hata kimoja hakikumfaa mgeni.

Mwanamke: Samahani, nauliza tu. Mimi nahesabu kwa vidole. Nikikuta pengo sijui kama ni siku au ni mwisho wa karatasi. Mtu akinipigia simu akasema amepangiwa siku hii, nimwambie nini?

Fundi Risasi: Umwambie aje. Ni siku. Ni Jumanne.

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na alikuwa anaongea naye, lakini mimi nilisikia kama anamjibu mtu mwingine pia. Kisha akavuta fundo. Lilifunguka mara moja, kwa kuwa lilifungwa na mtu aliyejua kwamba siku moja litafunguliwa.

Akaingiza ncha ya koleo dogo kwenye mstari wa mwisho, pale kwenye weupe, akachomoa kipande cha risasi, laini juu, hakina alama yoyote. Akakinyanyua tukione.

Fundi Risasi: Watu wanafikiri mahali peupe hapana kitu. Huwezi kuacha pengo kwenye chapa, mstari utaanguka wote. Lazima ukate kipande kisicho na namba, ukiweke kwa mkono. Hiki alikikata yeye. Ameshikilia mwezi mzima kwa hiki, miaka yote.

Shangazi alijifuta macho kwa pindo la kanga na kusingizia moshi. Jiko lilikuwa halitoi moshi.

Fundi akatoa ishirini na tisa kwenye mfuko wa shati. Akaitazama, akatutazama sisi.

Fundi Risasi: Alisema tutaitia pamoja. Siku ile waliokuwepo ni ninyi. Basi hao wa pamoja ndio ninyi. Mwalimu, weka wewe.

Sifuri Mbili: Mimi?

Fundi Risasi: Wewe ndiye uliyeitoa.

Mwalimu aliivua miwani, akaivaa tena, akaishika namba ile kwa vidole viwili. Breki alishikilia sinia lisisogee. Mimi nilishika ncha ya uzi. Shangazi alishika bega la mwalimu. Ikaingia. Fundi akainama kutazama.

Fundi Risasi: Umeigeuza kichwa chini.

Tulicheka mpaka tofali likatikisika, na mwalimu alicheka kuliko sote. Fundi akaigeuza, akazungusha uzi na kufunga, kwa kushoto, fundo lake mwenyewe. Kile kipande kisicho na namba akakitia kwenye mfuko wa shati, pale pale ilipotoka namba, akapapasa kuhakikisha kimekaa.

Akabeba sinia akaingia. Tukasikia mashine ikipumua mara moja, ikabana, ikaachia. Akatoka na kadi mpya, wino bado mbichi, akamwonya mgeni kwamba vidole vitapata weusi. Hakujali. Alishuka moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho.

Mwanamke: Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

Akapapasa juu, kwenye vichwa vya siku, kuhakikisha.

Mwanamke: Jumanne.

Akaomba awekewe kalenda mbili, moja ya kazini na moja ya nyumbani. Kisha akakumbuka kahawa yake na kuimaliza. Shangazi aliinamisha birika ajimiminie, likatoa matone machache, likaishia hapo. Kwa kawaida birika likiisha tunatawanyika. Siku hiyo hakuna aliyenyanyuka.

Breki: Jumanne hiyo mimi nafunga kazi. Nakuja kukaa.

Mimi: Wewe hufungi, hujui kusimama.

Shangazi: Kaeni wote. Nitaleta mabirika mawili.

Fundi Risasi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mfuko wa shati, anatazama ukuta wetu.

Fundi Risasi: Shangazi, na kile cha kwenye msumari, siku hiyo ukishushe. Ukioshe, ukijaze, ukiweke hapa katikati.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya vikombe.